Kiwanja, mandhari na kianzio: nini kipewe uzito unaponunuliwa nyumba mpya

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, kutoka 4,364,541 mwaka 2012. Ongezeko hilo la zaidi ya watu milioni moja katika kipindi cha miaka kumi linaeleza kwa kiasi kikubwa kwa nini maghorofa ya makazi yanaendelea kujengwa Kawe na maeneo jirani. Dodoma nako, kuhamia kwa Serikali kumezaa mahitaji mapya ya nyumba, na miradi kama ule wa Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) eneo la Iyumbu ni sehemu ya jitihada za kuyakidhi.

Nyumba nyingi za aina hii huuzwa zikiwa bado kwenye ramani. Mnunuzi huoneshwa mchoro, picha ya jengo litakavyokuwa na jedwali la malipo, kisha hutakiwa kuamua. Mambo matatu ndiyo humvuta zaidi: ukubwa wa eneo, mandhari na kiasi cha kianzio. Mambo hayo hayalingani mbele ya sheria. Ukubwa wa kiwanja umo katika ramani ya upimaji na katika hatimiliki. Kianzio kimo katika mkataba. Mandhari, ambayo mara nyingi ndiyo inayopandisha bei ya ghorofa za juu, haimo katika waraka wowote.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Wapo wanaodhani kuwa katazo hilo linalinda mandhari ya bahari. Linalinda mazingira, tena katika ukanda mwembamba tu. Kiwanja kilicho nyuma ya mita hizo, mbele ya jengo la mnunuzi, kinaweza kuendelezwa kwa ghorofa nyingi kadiri mpango wa eneo unavyoruhusu, na mwenye nyumba ya nyuma hana hati ya kuidai bahari. Kwa hiyo swali la mandhari huulizwa kwa afisa mipangomiji wa halmashauri husika, ambaye ana mchoro wa mipangomiji unaoonesha matumizi ya viwanja vya jirani. Huyo ndiye anayejua kama uwanja ulio wazi leo ni eneo la wazi kwa mujibu wa mpango au ni kiwanja cha mtu ambaye hajaanza kujenga.

Gharama ya mandhari inaonekana vizuri inapohesabiwa kwa mkopo. Taarifa za Benki Kuu ya Tanzania kuhusu soko la mikopo ya nyumba zimekuwa zikionesha riba za kati ya asilimia 15 na 19. Kwa mfano, nyumba ya upande wa bahari ikizidi ya upande wa barabara kwa shilingi milioni 15, na nyongeza hiyo ikakopwa kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 20, marejesho yake ni takriban shilingi 209,000 kila mwezi. Hadi deni linapokwisha, mnunuzi atakuwa amelipa takriban shilingi milioni 50 kwa ajili ya dirisha linaloitazama bahari. Huenda ikamfaa aliye na uwezo huo. Mwenye kipato cha mshahara ana sababu ya kusita.

Upande wa mabonde tahadhari ni nyingine. Nyumba inayotazama bonde la kijani huvutia wakati wa kiangazi, lakini mafuriko ya Desemba 2011 yaliyowaondoa wakazi wa Bonde la Msimbazi, baadhi yao wakahamishiwa Mabwepande, yalionesha kwamba maji hurudia njia yake. Heri kulitembelea eneo wakati wa masika kuliko kulitembelea mara tatu wakati wa jua.

Kuhusu ukubwa, ipo tofauti ambayo wanunuzi wengi huigundua wakiwa wamechelewa. Anayenunua nyumba inayojitegemea hununua jengo pamoja na kiwanja chake. Anayenunua nyumba katika ghorofa, chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, hupata hati ya sehemu yake na hisa katika maeneo ya pamoja: ngazi, lifti, maegesho, ua na ardhi yenyewe. Hisa hiyo huja na wajibu wa kuchangia matunzo kupitia umoja wa wamiliki. Eneo kubwa la pamoja lenye bustani na bwawa la kuogelea ni raha, na pia ni ankara ya kila mwezi isiyokwisha hata mkopo unapokwisha.

Kwa nyumba inayojitegemea, mita za mraba pekee hazitoshi kueleza thamani. Kiwanja cha mita za mraba 400 kilicho tambarare na chenye umbo la mraba kinafaa kuliko cha mita 500 kilichoinama au kilichochongoka pembeni. Pale ambapo mtandao wa majitaka haujafika, lazima ibaki nafasi ya shimo na ya gari la kunyonya kulifikia. Ibaki pia nafasi ya tangi la maji, na kwa familia inayotarajia kukua, nafasi ya chumba kimoja zaidi. Mawe ya mpaka yaonekane ardhini kama yalivyo kwenye ramani. Jambo jingine ni muda: milki ya ardhi hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99, hivyo miaka iliyobaki ni sehemu ya kile kinachonunuliwa.

Kianzio ndicho chenye hatari kubwa, kwa kuwa ni fedha inayotoka mapema kuliko zote. Mradi wa Kawe 711 wa NHC, wenye nyumba 422, ulisimama kwa miaka kadhaa kabla ya ujenzi kuendelea. Ikiwa jambo hilo liliwezekana kwa shirika la umma lililoanzishwa mwaka 1962, mnunuzi wa mwendelezaji mdogo binafsi hana budi kujiuliza fedha yake itakuwa wapi endapo mafundi wataondoka eneo la ujenzi. Mkataba unapaswa kutaja tarehe ya makabidhiano, fidia ya ucheleweshaji, masharti ya kurejeshewa fedha, na malipo yanayofuata hatua za ujenzi: msingi, fremu, paa, umaliziaji. Jedwali linalofuata kalenda peke yake humlipa mwendelezaji hata kama tofali halijapandishwa.

Kianzio kidogo huonekana kama nafuu. Kwa nyumba ya shilingi milioni 120, kianzio cha asilimia 20 ni milioni 24, na mkopo unaobaki kwa riba ile ile ya asilimia 16 kwa miaka 20 hudai takriban shilingi milioni 1.34 kwa mwezi. Kianzio kikiwa asilimia 30, marejesho hushuka hadi takriban milioni 1.17. Tofauti hiyo ni kubwa kwa kaya yenye ada za shule. Hata hivyo, kumkabidhi mjenzi milioni 36 wakati jengo lingali msingi ni kukuza hatari kwa kiwango hicho hicho. Njia ya katikati ni kutoa kianzio kidogo wakati wa kusaini, kuitunza akiba iliyobaki benki, na kuipunguzia deni wakati wa makabidhiano.

Bei yenyewe nayo ihakikiwe. Mauzo ya kwanza ya nyumba mpya ya makazi Tanzania Bara hutozwa Kodi ya Ongezeko la Thamani, isipokuwa nyumba zisizozidi shilingi milioni 50 zinazouzwa na waendelezaji milki, ambazo zilipata msamaha kuanzia mwaka wa fedha 2023/2024. Bei ya milioni 120 isiyojumuisha kodi ya asilimia 18 ni milioni 141.6 siku ya kulipa. Vilevile, Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bei za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni, hivyo jedwali la malipo kwa dola si la kukubaliwa tena.

Kabla ya fedha yoyote kutoka, hufanyika upekuzi kwa Msajili wa Hati ili kuthibitisha jina la mmiliki, muda wa milki uliobaki na kama kiwanja kimewekwa rehani. Waendelezaji wengi hujenga kwa mikopo, na rehani juu ya kiwanja si kosa. Ikiwepo, mnunuzi huhitaji barua ya benki inayomkopesha mwendelezaji, ikieleza kwamba sehemu yake itaachiliwa kutoka kwenye rehani hiyo atakapokamilisha malipo, na barua hiyo huambatanishwa na mkataba siku ya kusaini.