Kiulizo siyo herufi, jamani

Wadau, leo siongelei bumu wala foleni ya mgahawa. Niko Pangani kwa mazoezi ya kufundisha na nina ugomvi na watengeneza programu.

Kuna kaprogramu ka kutoa orodha ya wanafunzi, kale ka dirisha jeusi unaandika amri. Mtoto mwenye jina la Kisukuma linaloanza na Ng'w katoka Ng?w. Mwingine katoka NgΓÇÖw, utadhani kompyuta imepiga chafya. Fundi anajibu eti Kiswahili kinatoshwa na ASCII, mengine mapambo.

Nakataa! ASCII ina nafasi 128 na kweli ng' inaingia humo. Ila Word inapindisha ile alama yenyewe, inakuwa U+2019, ambayo kwa UTF-8 ni baiti 3. Dirisha linalotumia kodi 437, ile ya IBM PC ya 1981, linazisoma kama herufi 3 tofauti. Ndiyo hiyo ΓÇÖ. Aliyechapa jina hana kosa.

Halafu nani kasema Kiswahili ni Kilatini tu? Mwambao huu uliandika kwa herufi za Kiarabu zamani kabla ya Wadachi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vyao vya 1888-89 kwa herufi hizo hizo. Kiarabu hakina p wala v, kwa hiyo wengi waliandika ب kwa b na p, ف kwa f na v, msomaji akamalizia kwa maana. Wengine waliongeza nukta: پ na ڤ. Wazee walikuwa na mbadala unaosomeka! Kiulizo kinafuta kila kitu, huwezi kurudi nyuma ukajua kilikuwa nini.

Dawa ni ndogo. Programu iulize kwanza dirisha linatumia kodi gani (kwenye Python ni sys.stdout.encoding). Ikiwa UTF-8, toa herufi kama ilivyo. Kama siyo, ’ iwe ', پ iwe p, na ✓ iwe NDIYO. Hiyo kwenye skrini tu, faili libaki na jina halisi la mtoto.

Tena programu haiwezi kujua kama fonti ina ile herufi, unaweza ukawa na UTF-8 na bado ukaona viboksi. Kwa hiyo mpeni mtumiaji amri ya kuchagua mwenyewe herufi za kawaida. Mwalimu mkuu anaona viboksi, nyie mnakisia nini?