Pepo Isiyo na Washairi

Makala ya safari yanayoandikwa kuhusu Ufilipino, yawe ya wageni wa mbali au ya wenzetu wa mwambao, aghalabu hufuata njia moja. Mwandishi hushuka Manila, hulalamikia joto na msongamano wa magari, hukimbilia kisiwa chenye mchanga mweupe, hujilazimisha kula yai la bata lenye kinda ndani yake ili apate la kusimulia, kisha hurudi kwao na hukumu ileile aliyoondoka nayo: pepo ya duniani, na wakaazi wake hutabasamu daima. Nasema waziwazi kwamba makala ya namna hii ni dhuluma. Mchanga kweli ni mweupe na watu kweli ni wakarimu, hilo sikatai. Ninachokipinga ni mtu kukaa wiki tatu katika nchi iliyojaa watunzi, asisikie hata ubeti mmoja, kisha akadai kuwa ameiona.

Sisi wa visiwani tulipaswa kuwa wa mwanzo kulitilia shaka neno hilo, kwani nasi tumevishwa vazi lilelile. Peponi hakuna mvuvi anayefukuzwa ufukweni kwake, wala mama anayetafuta ada ya skuli. Ukishakiita kisiwa pepo, waliozaliwa hapo wanageuka kuwa wahudumu wa starehe yako, na malalamiko yao yanakuwa kelele za kuharibu usingizi.

Tazameni Boracay. Ni kisiwa kidogo, eneo lake halizidi sana kilomita za mraba 10, na kwa miaka mingi kilitajwa miongoni mwa visiwa vizuri kuliko vyote ulimwenguni. Mwaka 2018 Rais Rodrigo Duterte alikiita shimo la maji machafu, na mwezi Aprili serikali yake ikakifunga kwa miezi sita, kwa kuwa maji taka yalikuwa yakimiminwa baharini na majengo yamepita kiasi. Maelfu ya wafanyakazi walibaki bila ujira mpaka kilipofunguliwa tena Oktoba. Nauliza: wale wasifu wote walioogelea pale miaka nenda miaka rudi, pua zao walikuwa wameziacha wapi? Na ni wangapi kati yao waliowataja Waati, watu wa asili wa kisiwa hicho, waliosukumwa pembeni kadiri bei ya ardhi ilivyopanda? Mwaka huohuo wa 2018 serikali iliwakabidhi hati za ardhi, na hati hizo nazo zikapingwa na wengine wanaodai milki.

Nije kwenye chakula, maana hapo ndipo dharau hujivika kicheko. Lile yai, balut, kwa Mfilipino ni kitafunio cha jioni, linauzwa na wachuuzi wa barabarani pamoja na chumvi na siki. Vipindi vya televisheni vya kigeni vimeligeuza kuwa mtihani wa ushujaa, na mwandishi wetu anaiga bila kufikiri. Laiti angeliingia jikoni! Angeliona sinigang, mchuzi unaotiwa ukali kwa ukwaju au kwa kamias, na kamias si kitu kingine ila mbirimbi. Angeliona majani ya mronge, wenyewe huyaita malunggay, yakitiwa katika supu ya kuku. Angelionja ginataan, yaani chochote kilichopikwa kwa tui, kuanzia samaki na boga hadi ndizi. Kuna kinilaw, samaki mbichi anayeivishwa na siki pasipo moto. Kusini, katika visiwa vya Sulu ambako Uislamu ulitangulia kufika kabla ya Wahispania, Watausug hupika tiyula itum: nazi huchomwa hadi ikawa nyeusi, ikasagwa pamoja na viungo, ikaupa mchuzi wa nyama rangi ya usiku. Mpishi wa Pemba atashangaa kwa dakika moja, kisha ataomba kijiko.

Hata jina la adobo lina kisa chake. Wenyeji walikuwa wakihifadhi nyama kwa siki na chumvi kabla ya meli ya Magellan kutia nanga mwaka 1521. Wahispania walipoona wakakumbuka kitoweo cha kwao, wakakibatiza jina la jiko lao, na leo mgeni hueleza kwa uhakika kuwa adobo ililetwa na Wahispania. Ndivyo pia ilivyokuwa kwa kula kwa mkono, kamayan. Ustaarabu wa kigeni uliona mkono ni ushamba, ukahimiza kijiko na uma. Sasa mikahawa inamwandalia mtalii wali na samaki juu ya majani ya mgomba, ale kwa vidole, alipie bei ya juu, apige picha.

Mambo ya kila siku ndiyo yanayompita msafiri huyu. Hupanda jeepney, gari la abiria lililotokana na jeep za kijeshi walizoacha Wamarekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, akasifu rangi zake. Hasikii kwamba nauli inapokezanwa mkono kwa mkono kutoka nyuma hadi kwa dereva, na chenji hurudi kwa njia ileile, na kwamba anayetoa husema "bayad po", ambapo ile "po" ni heshima tupu isiyo na maana nyingine. Humwona mtoto akiushika mkono wa mzee na kuuweka kwenye paji la uso wake, akadhani ni mchezo. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo hatuna udhuru wa kutoelewa. Wala hatuna udhuru tukiitazama bangka, yenye matengo pande mbili, tusiikumbuke ngalawa. Wanahistoria wengi huamini ufundi huo ulifika pwani yetu na mabaharia wa visiwa vya upande ule.

Ushairi sasa. Muyaka bin Haji alipokuwa akirushiana beti na wapinzani wake Mombasa, upande wa pili wa bahari alikuwepo Francisco Balagtas, aliyezaliwa 1788, ambaye utenzi wake *Florante at Laura* ulitoka mwaka 1838. Kwa jina lake ndiko kulikotoka balagtasan, malumbano ya mashairi jukwaani. Lile la kwanza lilifanyika Manila tarehe 6 Aprili 1924, José Corazon de Jesus akiwa kipepeo na Florentino Collantes akiwa nyuki, wakigombea ua. Nani katika wasomaji wa jarida hili asiyetambua mchezo huo? Na ipo tanaga, mistari minne, kila mmoja mizani saba. Tunaojivunia kuhesabu mizani tungetarajiwa kuijua kabla ya kujua majina ya hoteli.

Hali ni mbaya zaidi milimani. Matuta ya mpunga ya Waifugao yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1995, na kila mgeni huyapiga picha. Hupenda pia kuambiwa kuwa yana miaka 2,000. Mwanaakiolojia Stephen Acabado na wenzake, waliochimba katika makazi ya kale ya Kiyyangan, wanatoa ushahidi kuwa kilimo hicho kilipanuka yapata miaka 400 iliyopita, wakati watu wakijiimarisha milimani dhidi ya Wahispania. Kwangu mimi hiyo ni sifa kubwa kuliko ukale: ngome iliyojengwa kwa matope na mpunga. Ndani ya ngome hiyo kuna hudhud, tenzi ndefu zinazoimbwa hasa na wanawake wazee wakati wa kuvuna na katika mikesha ya maiti. UNESCO ilizitambua mwaka 2001, mwaka uleule ambao matuta yenyewe yaliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, yakaondolewa 2012. Tuta linahitaji mikono, na mikono ya vijana imekwenda mjini. Picha ya mtalii haina sauti, hivyo haoni kilichopungua.

Nitaambiwa: msafiri ana siku kumi tu, na lugha za nchi ile ni zaidi ya mia. Basi na aandike siku kumi, asiandike nchi. Nitaambiwa pia kuwa utalii unalisha watu. Unalisha, naam, lakini mshahara wa mhudumu haumpi mtu yeyote ruhusa ya kumfuta mshairi.

Jambo la lugha si la anasa. Tarehe 8 Novemba 2013 kimbunga Haiyan, wenyewe wakikiita Yolanda, kiliisukuma bahari juu ya mji wa Tacloban, na zaidi ya watu 6,000 walikufa nchini humo. Onyo lilitolewa, ila hatari hiyo ilitajwa kwa istilahi ya Kiingereza ambayo wengi hawakuielewa; walionusurika walisema baadaye kuwa lau wangeliambiwa kwa maneno wanayoyajua, wangelikimbia. Majuma machache baadaye waandishi wa kigeni walirudi kusifu tabasamu la watu juu ya vifusi.

Huko Mindoro Wahanunuo Mangyan huchonga ambahan kwa kisu juu ya mwanzi, kwa hati yao wenyewe, mizani saba kwa mstari: za uchumba, za kumuonya mtoto, na nyingine za kumuaga mgeni. Nawaomba wahariri wasichapishe tena makala ya ufuko kutoka Ufilipino mpaka atokee msafiri aliyeagwa kwa moja ya hizo, na akatuletea tafsiri yake, pamoja na jina la mtunzi iwapo mwenyewe ameridhia litajwe.