"Bodi Imeungua" Si Jibu, Comrade

Wacha niseme bila kuzunguka: hapa Kwa Vonza hakuna uongo unaouzika haraka kama "bodi imeungua". Laptopu imekataa kuwaka, comrade ameibeba kutoka SEKU na jua hili la Kitui mpaka kibandani. Fundi anafinya kitufe mara mbili, anatikisa kichwa, anatoa hukumu. Bodi imeungua, lete elfu kumi na mbili. Hajashika mita. Hajajaribu chaja nyingine. Hajauliza hata ilizima vipi. Na comrade analipa! Ama mbaya zaidi, anaiacha hapo iwe spea, kwa bei ya viatu vya mtumba.

Hiyo laptopu mnajua ilipatikana vipi? Kuna mwaitu mahali aliuza mbuzi na gunia la ndengu. Kuna pesa ya HELB ilienda yote huko na mwenye nayo akakula githeri muhula mzima. Ndani kuna project ya mwaka wa nne. Siwezi nyamaza mtu akiiua kwa mdomo tu.

Tuelewane kwanza vile umeme unasafiri. Ukutani Kenya kuna volti 240. Chaja inazishusha hadi kama 19 au 20 kwa laptopu nyingi. Zinaingia kwa tundu, zinafika kwa bodi, na bodi ndiyo inagawa: hizi za kuendesha mashine, hizi za kujaza betri. Safari ikikatika popote, wewe unaona kitu kimoja tu, skrini nyeusi. Kwa hivyo mtu anayeruka soketi, kebo, chaja, tundu na betri, akatua moja kwa moja kwa bodi, hajapima chochote. Amebahatisha, na anabahatisha na pesa yako.

Haya unaweza kuyafanya mwenyewe kwa chumba, bila bisibisi, kabla hujampa mtu hata shilingi.

Kwanza, hakikisha imekufa kweli. Finya kitufe, usikilize feni. Finya Caps Lock uone kama taa yake inawaka na kuzima. Ikifanya hivyo, mashine iko hai na shida huenda ni skrini. Mulika skrini kwa pembe na tochi ya simu. Ukiona picha hafifu, ni mwanga wa skrini umekufa. Ukipata TV karibu, iunganishe kwa kebo ya HDMI uone kama picha inatokea huko.

Pili, soketi. Chomeka simu hapo hapo uone kama inachaji. Ile ekstensheni ya hosteli inayobeba pasi, koili na chaja sita si ya kuaminiwa hata siku moja.

Tatu, chaja. Igeuze usome maandishi ya chini. Volti lazima zilingane na zile laptopu yako inataka, na ampea ziwe sawa au zaidi. Chaja ya jirani kuingia kwa tundu haimaanishi inafaa. Dell nyingi, kwa mfano, huitambua chaja kupitia pini ya katikati. Pini ikivunjika, mashine inaweza kuwaka vizuri na betri isijae kamwe. Na wewe wa USB-C, chaja ya simu ya wati 18 haitainua mashine inayotaka wati 65.

Nne, ondoa umeme uliobaki ndani. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka, finya kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30, achilia. Rudisha chaja peke yake, bila betri. Ikiwaka, mshukiwa ni betri. Kama betri imefungiwa ndani, usifungue kitu. Chomoa chaja, finya vivyo hivyo, halafu iweke kwa chaja nzuri uiache nusu saa. Betri iliyokauka kabisa huchelewa kuamka.

Tano, hesabu taa. Zikimetameta ama mashine ikilia kwa mpangilio, hiyo ni lugha. Andika ni mara ngapi, kisha utafute maana yake kwa jina la modeli yako kwenye tovuti ya kampuni. Inaweza kuwa RAM imelegea tu.

Na kama inawaka ila chaji inagota asilimia 60 au 80, angalia mipangilio kwanza. Laptopu nyingi zina sehemu ya kulinda betri inayofanya hivyo makusudi. Usilipe mtu akuondolee kitu unachoweza kuzima mwenyewe.

Onyo moja, na hapa sichezi: betri ikivimba, ukaona touchpad imeinuka ama kifuniko hakifungi sawa, zima, chomoa, usiichaji tena, na usiitoboe. Betri ya lithiamu inaweza kushika moto. Hiyo ni kazi ya fundi, si yako.

Sasa najua mtasema nachukia mafundi. Hapana. Kuna mafundi wanaweza kupata kapasita moja iliyopiga shoti, ndogo kuliko punje ya mchele, waitoe, waweke ingine, na bodi "iliyoungua" ifufuke. Hiyo ni akili, na inastahili pesa. "Bodi imeungua" bila kusema ni kipande gani ni sawa na daktari kukuambia "mwili ni mgonjwa" halafu akuandikie bili.

Lakini makomredi, hamtaachwa leo. Nani alimfundisha fundi kubahatisha? Ukiambiwa kuangalia ni mia tatu, unaruka juu: "Yaani kuangalia tu?" Basi fundi mkweli anakaa saa nzima na mita, anagundua ni kebo imekatika ndani, anakuambia ukweli, na anaenda nyumbani mikono mitupu. Yule wa pembeni anabadilisha bodi bila kupima na ndiye anakula. Mnalipia spea na mnakataa kulipia ukweli, halafu mnashangaa mbona mnauziwa spea.

Kwa hivyo lipa ya kupima, tena lipa kwa roho safi. Halafu udai mambo yako. Mita iguse chaja na tundu ukiona kwa macho yako. Bei iandikwe kabla mashine kufunguliwa. Akipata shida ingine ndani, akupigie kwanza. Kipande cha zamani ukipewe mkononi. Hii si jeuri. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mteja haki ya bidhaa na huduma za ubora unaofaa, na haki ya kupata habari anazohitaji ili azifaidi kikamilifu. "Imeungua tu" si habari.

Na ile project? Kazi yako haikai kwa bodi, inakaa kwa diski. Kwa laptopu nyingi diski inatoka, inawekwa kwa kasha la USB, na faili zinasomeka kwa mashine ingine. Zile nyembamba sana wakati mwingine diski imechomelewa kwa bodi, na kama Windows imefunga diski kwa BitLocker utahitaji ule ufunguo wa akaunti yako. Uutafute leo, mashine ikiwa bado inawaka. Na usiache laptopu kwa mtu kabla ya kukubaliana nani atabaki na diski. Kuna watu wameuza mashine "iliyokufa" pamoja na picha zao, vyeti vyao na miaka minne ya kazi.

Mtumie hii yule comrade anapanga kwenda kwa fundi kesho. Akifika na aambiwe ni bodi, aulize mambo mawili tu: ni kipande gani, na mita imesoma ngapi? Asipojibiwa, abebe laptopu yake aende kwa mwingine.