Klorini Isigeuzwe Kifuniko cha Uchafu

Kipindupindu kilipozuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015, klorini ilikuwa miongoni mwa silaha za kwanza kushikwa. Hakuna mtaalamu wa afya atakayeidharau. Hata hivyo, sifa hiyo njema imezaa imani potofu, kwamba majitaka, yawe machafu kiasi gani, yanafaa kumwagwa mtoni ilimradi yametiwa klorini.

Majitaka ghafi yamejaa kinyesi, mafuta, sabuni na amonia itokanayo na mkojo. Klorini ikiingia humo haiwaendei vijidudu peke yao, bali huungana pia na vitu hivyo, na sehemu kubwa ya nguvu yake huishia hapo. Bakteria na virusi waliojificha ndani ya chembe za uchafu hunusurika, na mayai ya minyoo hayadhuriki kwa urahisi. Mwendeshaji wa mtambo akiona vijidudu vingali hai, huongeza kipimo. Na kipimo kinapoongezeka, kemikali zisizotakiwa nazo huongezeka.

Kemikali hizo si za kubuni. Mwaka 1974 mkemia Rook wa Rotterdam, Uholanzi, alionesha kuwa klorini ikikutana na mabaki ya viumbehai yaliyomo majini huzaa klorofomu na jamii yake, ziitwazo trihalomethani. Baadhi yake hushukiwa kusababisha saratani kwa mtu anayezinywa kwa miaka mingi. Katika majitaka, amonia huzaa pia kloramini, ambayo huweza kuua samaki hata ikiwa chini ya miligramu moja kwa lita.

Je, klorini iachwe? La hasha. Shirika la Afya Duniani limekwisha kueleza kuhusu maji ya kunywa kwamba hofu ya kemikali hizi isidhoofishe kazi ya kuua vijidudu. Kipindupindu huweza kuua kwa saa chache. Saratani huchukua miaka. Penye mlipuko, kinyesi cha wagonjwa hutiwa dawa bila kusita.

Lakini mtambo unaofanya kazi kila siku hauna udhuru wa dharura. Hapo njia inayopunguza kemikali ndiyo hiyo hiyo inayoua vijidudu vizuri zaidi: uchafu utangulie kuondolewa. Mabwawa ya kutibu majitaka, kama yale ya Vingunguti, huacha tope na mayai ya minyoo vitue chini, huku jua na bakteria vikifanya kazi yake. Yakitunzwa na kuondolewa tope kwa wakati, klorini kidogo hutosha kumalizia. Maji yakae nayo takriban nusu saa, kisha mabaki yake yaondolewe, kwa mfano kwa sodiamu baisalfaiti, kabla ya kufika mtoni.

Gharama ya utaratibu huu ipo, lakini kuukwepa hakuifuti. Huihamishia kwa wakulima wa mchicha wa bonde la Msimbazi, kwa wavuvi na kwa walaji. Kwa hiyo mamlaka zinazokagua mitambo zisiridhike kuuliza kama klorini imetiwa. Ziulize ilitiwa katika maji ya namna gani, ni vijidudu vingapi vimesalia, na ni klorini kiasi gani inayotoka kwenye bomba la mwisho. Mtambo usioweza kujibu maswali hayo haujasafisha majitaka; umeyapa harufu ya usafi tu.