Tarakilishi Kuukuu Yahukumiwa Bure

Pana desturi mbaya iliyoota mizizi miongoni mwetu, nayo ni kutoa hukumu pasipo kusikiliza shauri. Tarakilishi yenye umri wa miaka kumi na mitano huwekwa mezani. Mtu hujaribu kuitia mfumo endeshi wa Linux. Skrini huwa nyeusi, au sauti haitoki, au mtandao haupatikani. Papo hapo hukumu hutolewa: "Hii imezeeka, itupwe." Hapana aulizaye ni kifaa gani kilichogombana na kipi, wala kwa sababu gani. Mashine hubebwa hadi stoo ikakaa pamoja na viti vilivyovunjika, na wanafunzi huendelea kubanana mbele ya zile chache zilizobaki. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua, na mtu akikosa subira husingizia uzee wa mashine.

Hukumu za namna hii zimepata kisingizio kipya. Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kutoa msaada wa kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi zenye afya njema hazitimizi masharti ya Windows 11. Wenye maduka husema, "Nunueni mpya." Mimi nasema, usiache mbachao kwa msala upitao. Linux hupatikana bila ya malipo, nayo huweza kuipa mashine kama hiyo miaka mingine ya kazi. Tusisahau ilivyozaliwa. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini, akiwa na umri wa miaka 21, aliianza kwa tarakilishi yake ya nyumbani yenye kichakataji cha 386, ambacho simu ya leo hukishinda mbali kwa nguvu. Ni kweli kuwa Linux imenenepa tangu siku hizo. Lakini mfumo uliozaliwa katika nyumba ndogo hauwezi kusemwa kuwa hukaa katika kasri tu.

Sasa tuuchungue ugomvi wenyewe, maana hasimu asiyejulikana hapatanishwi. Fahali wawili hawakai zizi moja. Katika tarakilishi, kifaa kinapotaka kusikilizwa na kichakataji, ambacho ndicho ubongo wa mashine, hubisha hodi kwa ishara iitwayo mkatizo. Katika mashine ya IBM ya mwaka 1984, na nyingi zilizoundwa kwa mfano wake, milango ya kubishia hodi ilikuwa 16, iliyohesabiwa kutoka 0 hadi 15, na mmoja wao ulitumika kuunganisha nusu mbili za mpango huo. Saa ilikuwa na mlango wake, na kibodi ilikuwa na wake. Lakini tundu la kwanza la mawasiliano na la tatu yalipewa kwa desturi mlango mmoja, wa 4. Basi aliyechomeka kipanya katika tundu la kwanza na modemu katika la tatu aliona ajabu: modemu ilipoanza kupiga simu, kipanya kiliganda. Asiye na subira alisema kipanya ni kibovu, akanunua kingine, nacho kikaganda vile vile. Mwenye busara aliihamishia modemu mlango mwingine, na amani ikarudi bila ya senti moja kutumika. Wote wawili walikuwa na mashine moja. Tofauti yao ilikuwa katika kuuliza.

Vifaa vilivyoundwa baadaye viliweza kushirikiana mlango mmoja, na ugomvi wa namna ile ukapungua sana. Lakini fahali hawakwisha, walihama zizi. Siku hizi ugomvi mwingi huwa baina ya viendeshi. Kiendeshi ni programu inayoufundisha mfumo endeshi namna ya kukitumia kifaa fulani. Ichukue kadi ya Broadcom ya mtandao usiotumia waya, ambayo imo katika vipakatalishi vingi vya zamani. Linux ina kiendeshi kiitwacho b43, na kipo kingine kilichotoka kwa kampuni yenyewe, kiitwacho wl. Vyote viwili vikiigombania kadi moja, huenda mtandao usipatikane kabisa. Dawa yake ni kuchagua kile kinachoifaa kadi hiyo na kukizuia cha pili kisiamke. Ugomvi wa jinsi hiyo hutokea pia katika kadi za picha za Nvidia, baina ya kiendeshi kiitwacho nouveau na kile cha kampuni. Je, katika haya yote uko wapi uzee? Kadi ni nzima. Wachungaji wake ndio waliokosana.

Yuko atakayesema, "Kazi hii ni ya mabingwa, si ya mwanafunzi." Mwingine atasema, "Nimeiweka Linux mara kumi, na mara zote kumi imeshindikana." Huyu wa pili namwuliza: mara ya pili ulibadili nini? Kama hukubadili neno, ulirudia kosa; na kama ulibadili mambo matano kwa pamoja, hukujua ni lipi lililofaa na lipi lililodhuru. Kazi hii haitaki ubingwa. Yataka utaratibu, na utaratibu hufundishika.

Hifadhi kwanza mahali pengine kazi zote zilizomo katika diski. Kisha iamshe Linux kutoka katika flashi pasipo kuiandika katika diski, maana Debian, Linux Mint na nyinginezo huruhusu kujaribiwa hivyo. Mashine ikigoma, izime, uchomoe waya wa umeme, uondoe kila kifaa kisicho cha lazima. Ikiamka salama, rudisha kifaa kimoja tu, uijaribu tena. Ugomvi ukizuka, aliyeingia mwisho ndiye wa kuhojiwa kwanza. Kisha sikiliza ushahidi. Amri ya dmesg huonyesha taarifa ambazo kiini cha Linux huandika tangu kinapoamka. Amri ya lspci -k huonyesha vifaa vya ndani na viendeshi vinavyovitumikia. Faili ya /proc/interrupts huonyesha ni nani abishaye mlango upi. Skrini ikiwa nyeusi mwanzoni, neno nomodeset huongezwa katika amri za kuamsha ili kiini kisijaribu kupanga picha chenyewe. Picha ikitokea, umejua kuwa ugomvi umo katika kadi ya picha au kiendeshi chake. Neno hilo ni kipimo, si tiba. Andika daftarini kila ulichobadili na kila ulichokiona.

Tena, si kila kinachofanana na ugomvi ni ugomvi. Katika bodi kuu mna betri ndogo mfano wa sarafu, aghalabu ya namba CR2032. Ikifa, saa ya mashine hurudi nyuma miaka mingi, na Linux ikiona tarehe hiyo ya uongo huenda ikakataa kupokea programu kutoka katika mtandao. Kibao cha kumbukumbu kikiharibika, kazi hukatika leo hapa na kesho pale, na programu ya Memtest86+ huweza kukifichua. Mashine ngapi zimezikwa kwa ajili ya betri moja!

Nakiri kuwa zipo mashine zilizokufa kweli, ambazo bodi zake zimeungua. Zipo pia ambazo njia yao imekuwa nyembamba: Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haina tena programu ya kuiweka katika tarakilishi za biti 32. Sisemi kwamba kila kikongwe kitapona. Nasema kwamba mgonjwa asizikwe kabla ya kupimwa. Anayeitupa mashine baada ya uchunguzi ametoa hukumu ya haki. Anayeitupa kabla yake amefanya uvivu na kuuita busara.

Wala hasara ya uvivu huo si ya fedha peke yake. Mashine za zamani zina risasi na sumu nyingine, ambazo zikichomwa jalalani huingia katika hewa na udongo wa watu wasiokuwa na hatia. Na mwanafunzi aliyeona vitu vikitupwa pasipo kuulizwa hujifunza kutupa. Kesho atakuwa tabibu, fundi au hakimu. Atakapoletewa jambo lililokwama atatafuta cha kulaumu badala ya kutafuta sababu. Bali aliyekaa na tarakilishi kuukuu akauondoa ugomvi mmoja baada ya mwingine, mpaka mashine ikaamka, amejua kwamba tatizo lina chanzo, na kwamba chanzo hutafutwa kwa utaratibu. Basi nendeni stoo, mkaitoe iliyohukumiwa bure, mkaisikilize shauri lake.