NENO KWA JAMAA: Jiwe isiyo na bei



Siku moja mwana wetu, mwenye miaka saba, alirudi nyumbani na jiwe mkononi. Ilikuwa malakite, ile jiwe ya rangi ya majani ambayo sisi watu wa Kolwezi na Likasi tunaikanyaga bila kuiona. "Papa, angalia mistari! Ni nani alichora?" Mimi nilikuwa ninahesabu minervali ya watoto, na franka hazikutosha. Nikamjibu: "Hiyo haina bei. Tupa inje!"

Mtoto akatupa, akainamisha kichwa. Lakini mlangoni alikuwa amekaa muzee mmoja wa kanisa letu, aliyefanya kazi chini ya udongo miaka mingi. Akasema: "Leta hapa, mujukuu." Akaimwagia maji kidogo, mistari ikang'aa. Akamweleza kwamba maji ya mvua yanashuka katika udongo, yanabeba shaba na kuiacha polepole katika matundu ya mwamba, tabaka juu ya tabaka. Ile rangi inatoka kwa shaba yenyewe. Kila mstari ulichukua wakati mrefu sana, mbele babu zetu hawajazaliwa. Kisha akatikisa kichwa: "Nimevunja mawe mengi, lakini hii ingali inanishangaza."

Ndugu zangu, nilisikia haya. Muzee huyu anajua mawe kuliko mimi. Anajua na ubaya wao: mwana wake wa kwanza alifunikwa na udongo katika shimo la kuchimba. Hata hivyo macho yake yangali macho ya mtoto. Mimi, ambaye sikupatwa na msiba huo, nilikuwa nimebaki na swali moja tu kwa kila kitu: bei ngapi?

Katika Mathayo 18, wanafunzi wanauliza nani mkubwa, na Bwana Yesu anaweka mtoto katikati yao. Hakutuomba tuwe wajinga. Paulo naye, katika 1 Wakorinto 14, anatukataza kuwa watoto katika akili. Tena mtoto haamini bure: anauliza mpaka tunachoka! Basi mtu akikuja kukuambia utoe pesa ya chakula ili upate baraka ya motokari, muulize kama mtoto: kwa nini?

Nilimwuliza muzee namna gani anaweza kuomba bado. Alisema: "Mutoto akiumia, analia kwa baba yake. Haendi kulia kwa jirani." Usiku anamwuliza Mungu sababu ya kifo cha mwana wake. Jibu hajapata. Usiku mwingine anauliza tena, kwa Baba yule yule. Hii njo imani ya mtoto ninayoifahamu mimi, na haikosi machozi.

Wazazi, mtoto akikuonyesha panzi, ao jiwe, ao mwezi, kaa chini uangalie pamoja naye. Hesabu ya franka itakungoja. Na kama moyo wako umekauka kwa sababu ya kazi ao msiba, usione haya kumwuliza Mungu maswali yako.

Nilimwomba mwana wangu msamaha. Siku zote ni vigumu kwa baba, lakini alinisamehe upesi, akaniuliza kama maji yangali yanachora huko chini mpaka leo.

Mungu awabariki.