Karara la Mnazi Liingie Darasani

Mwalimu anapowataka watoto wachore mti uliochanua, aghalabu mti huo hutoka kitabuni: shina jeusi na maua ya rangi ya waridi, mfano wa miti ya Japani. Vipande vya karatasi hubandikwa, kazi hutundikwa ukutani, na kila mtu huridhika. Sikatai kwamba kazi hiyo hupendeza. Hoja yangu ni kwamba haimfundishi mtoto wa Msambweni kutazama wala kutaja.

Karibu na darasa lake upo mnazi. Mti huu hausubiri msimu. Ukishakomaa, hutoa karara jipya takriban kila mwezi. Karara likipasuka, hutokeza upunga: maua madogo yenye rangi ya maziwa, ya kiume mengi mno kuelekea ncha za vitawi, ya kike machache na makubwa zaidi karibu na vikonyo. Hayo ya kike ndiyo yawayo kidaka, kisha kitale, dafu, koroma, na hatimaye nazi. Tunda moja limepewa majina matano, kwa sababu waliolitegemea walilitazama kwa makini.

Mimi, nikiwa mwalimu wa isimu, naiona hatari hapo. Mtoto ajuaye dafu na nazi pekee hakukosa maneno matatu tu. Amekosa jicho la kutofautisha. Kamusi huyaorodhesha maneno hayo, lakini yasipotamkwa hayaishi.

Basi karara lililokauka liokotwe, lipakwe rangi. Chelewa ziwe vitawi, na vipande vya karatasi viwe maua. Kila sehemu iandikwe jina lake kwa Kiswahili na kwa Kidigo, baada ya watoto kuwauliza bibi zao. Sera haizuii jambo hili: Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa ya chini, na Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, haukuitupa.

Yuko atakayesema kwamba wanafunzi ni wengi na wakati ni haba. Ni kweli. Hata hivyo, karatasi za rangi hununuliwa, ilhali karara huokotwa. Na kipindi hicho kimoja hufundisha sanaa, sayansi na lugha kwa pamoja.

Walimu wenzangu, maua ya Japani tutayachora baadaye. Kwanza mtoto ajue kuyataja yaliyo uani kwao.